Mkonga mpya wenye sura ya 1984: uchukue 2.8, 1HZ, au la zamani lililofufuliwa?

Egesha Land Cruiser mkonga (lile lenye bomba la hewa lililopanda kando ya kioo) jipya kabisa kwenye sheli, hazipiti dakika tano kabla mtu hajauliza: "Mzee, hili la mwaka gani? Umelitunza kweli." Aliyeuliza hana kosa. Mfululizo wa 70 wa Land Cruiser, ambao ndio mkonga huu, ulizinduliwa Novemba 1984, na boksi lile lile la mabati yaliyonyooka, na kioo cha mbele kilichosimama wima, bado linatoka kiwandani. Mwaka 2007 uso ulipanuliwa kupisha injini ya V8, taa zikawa za mraba mraba. Mwishoni mwa 2023 taa za mviringo zikarudi, safari hii za LED, na matokeo yake gari la 2024 linafanana zaidi na la 1990 kuliko na la 2015. Huko Ghuba, ambako pikapu yake huitwa Shas, mtu anaweza kupanga tatu za miaka tofauti mbele ya nyumba na wageni wasijue ipi imetoka dukani juzi.

Ila kufanana huko kunakata pande mbili. Gari la 1994 likinyooshwa, likapigwa rangi ya maziwa, likavishwa taa za LED na shoo mpya ya mbele, nalo hupita sokoni kama la juzi. Kwa hiyo anayetaka kuchagua mkonga asianze na sura. Aanze na kibati cha modeli, kisha ajiulize maswali mawili ambayo wauzaji huyaruka: dizeli nitakayoitia natoa wapi, na gari likilala porini, fundi aliye karibu anajua nini?

Magari matatu ndani ya ganda moja

Herufi za mwanzo kwenye kibati zinataja injini, na tarakimu zinataja umbo. 76 ni la milango minne na kiti cha nyuma, 78 ni boksi refu ambalo hospitali, hifadhi na mashirika ya misaada hulitumia, 79 ni pikapu. HZJ79 ni pikapu yenye injini ya 1HZ. GDJ79 ni pikapu hiyo hiyo yenye injini ya 1GD, yaani 2.8 yenye turbo. VDJ79 ni ya V8. Ukiona HZJ75 au HJ75, hilo ni umbo refu la kabla ya 1999, hata likiwa linang'aa namna gani.

Mnunuzi wa huku kwetu kwa kawaida ana machaguo matatu: 2.8 jipya, 4.2 ya 1HZ jipya (ndiyo, injini hiyo ya mwaka 1990 bado huuzwa ndani ya gari jipya katika masoko mengi ya Afrika na kwa mashirika), au gari la zamani kweli lililofanyiwa ukarabati mkubwa.

| | 2.8 (1GD-FTV) | 4.2 (1HZ) | V8 4.5 (1VD-FTV) |
|---|---|---|---|
| Silinda | 4 | 6 | 8 |
| Ujazo | cc 2,755 | cc 4,164 | cc 4,461 |
| Turbo | ipo | haipo | ipo, moja |
| Nguvu | kW 150 | takriban kW 96 | kW 151 |
| Msokoto (nguvu ya kuvuta) | Nm 500 (gia otomatiki) | Nm 285 | Nm 430 |
| Pampu na nozeli | za kompyuta | za chuma tupu | za kompyuta |
| Taimingi | cheni | mkanda | cheni |

V8 imo kwenye jedwali kwa sababu watu watauliza. Ni injini tamu barabarani, lakini stata yake imelala kwenye bonde katikati ya safu mbili za silinda, chini ya mabomba ya hewa. Stata ya bei ya kawaida inageuka kazi ya siku nzima. Ongeza nozeli nane. Kwa mtu anayenunua kwa ajili ya kazi, tunaiweka pembeni na kuendelea na hizo nyingine.

Dizeli ndiyo inayoamua

Hapa ndipo 2.8 na 1HZ zinaachana kabisa, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwenye 1HZ, pampu ya mzunguko husukuma dizeli mpaka kwenye nozeli, na nozeli hufunguka kwa shinikizo la karibu bar 150. Mafuta hupulizwa kwanza kwenye chumba kidogo ndani ya silinda hedi, yanaanza kuwaka humo, kisha moto unaingia juu ya pistoni. Mfumo huo ni wa polepole na unapoteza joto, ndiyo maana injini ya lita 4.2 inatoa nguvu kidogo hivyo. Faida yake ni kwamba nafasi kati ya vyuma vinavyosuguana ni ya kuvumilia. Chembe ndogo ya uchafu itaikwaruza pampu, lakini gari litafika nyumbani likitoa moshi na kukosa pumzi.

Kwenye 2.8, pampu hujaza bomba moja la pamoja kwa shinikizo linalopita bar 2,000, na kila nozeli hufunguliwa kwa umeme mara kadhaa ndani ya mlipuko mmoja. Matundu ya nozeli ni madogo, karibu na unene wa unywele. Tone la maji likifika pale kwa shinikizo hilo, ncha ya nozeli inaweza kupasuka, au ikabaki wazi na kumimina dizeli kwenye pistoni mpaka pistoni itoboke. Hakuna onyo la wiki mbili. Kuna taa, kisha kuna kelele.

Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi sulfa ya ppm 50 (sehemu 50 kwa milioni), na hilo liliondoa tatizo moja kubwa la injini mpya. Halikuondoa maji kwenye tangi la sheli wakati wa masika, wala dumu lililokaa juani miezi mitatu, wala uchakachuaji wa kuongeza mafuta ya taa. Mafuta ya taa ni makavu. Pampu zote mbili hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake, kwa hiyo 1HZ nayo haipendi kuchakachuliwa. Tofauti ni muda itakaovumilia na gharama ya kuirudisha.

Ukichukua 2.8 na unasafiri mbali na barabara kuu, fanya haya tangu siku ya kwanza:

Funga chujio la pili la dizeli lenye kikombe cha kutenganisha maji, kabla ya lile la kiwandani, la ukubwa unaopitisha mafuta ya kutosha injini hii. Chujio dogo mno litabana mtiririko, na injini itapunguza nguvu yenyewe mlimani.

Beba chujio moja jipya la kila aina, na ufunguo wake. Chujio lililoziba saa nane za usiku karibu na Mikumi halina mbadala wa kitambaa.

Taa ya maji kwenye dizeli ikiwaka, simama. Zima injini, weka chupa chini ya chujio, legeza kizibo cha chini kwa mkono, acha maji yatoke mpaka uone dizeli safi, kaza, kisha bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya chujio hadi iwe ngumu. Hatua hizi ni zile zile kwenye 1HZ. Kinachobadilika ni kwamba mwenye 1HZ akipuuza taa hiyo mpaka kijiji kinachofuata anaweza kuponea, mwenye 2.8 anacheza kamari na nozeli nne.

Na kuhusu fundi: nozeli za 1HZ zinafunguliwa, zinapimwa kwenye kipimio cha kupampu kwa mkono, na kurekebishwa kwa vipande vyembamba vya chuma katika karibu kila mji wenye fundi pampu. Nozeli ya 2.8 hupimwa kwenye mashine maalumu. Ukibadilisha, kila moja ina msimbo wake ambao lazima uingizwe kwenye kontroli boksi (kompyuta ya injini). Fundi akifunga nozeli bila kuandikisha msimbo, injini itawaka, lakini itagonga na kutikisika, na utadhani umeuziwa feki.

Mlimani

1HZ haina turbo, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Nairobi iko juu kidogo ya mita 1,700. Njombe inakaribia 2,000. Maana yake gari lenye kW 96 pwani lina kama kW 78 pale Njombe, na hizo zinabeba pikapu ya tani mbili kabla hujapakia gunia hata moja. Kupandisha Kitonga na mzigo, 1HZ ni gia ya pili na subira. Moshi mweusi ukizidi huko juu si lazima uwe ugonjwa: hewa imepungua, dizeli haijapungua. Ukiendesha muda wote nyanda za juu, fundi pampu anaweza kupunguza mafuta kidogo; ukiteremka Tanga utaona gari limekuwa zito.

2.8 haina shida hiyo kwa kiasi kikubwa. Turbo hufidia hewa nyembamba, na msokoto wake wote unapatikana kuanzia mizunguko 1,600. Kwa anayevuta tela au anayekaa Mbeya, Arusha, Eldoret au Kigali na kushuka pwani kila wiki, hoja hii peke yake inaweza kumaliza mjadala. Matumizi ya mafuta nayo: Toyota hutaja lita 9.6 kwa kilomita 100 (kama kilomita 10.4 kwa lita) kwa 2.8 otomatiki kwenye vipimo vyake. 1HZ barabarani huenda kilomita 7 hadi 9 kwa lita ukiiendesha kwa ustaarabu, na pungufu ya hapo ikiwa na mzigo.

Kuna njia ya kati ambayo mafundi wengi hupenda kuiuza, nayo ni kufunga turbo kwenye 1HZ. Inafanya kazi, ila vyumba vidogo vya kuwakia vilivyo ndani ya hedi hubeba joto kubwa, na hedi za 1HZ zina historia ya kupata nyufa hapo zikipashwa kupita kiasi. Wanaoifanya vizuri hubaki kwenye shinikizo la bar 0.5 hadi 0.7, huweka kipimo cha joto la moshi kabla ya turbo, na hawaongezi dizeli ili tu gari "lipige". Ukinunua 1HZ ambayo tayari ina turbo na haina kipimo hicho, chukulia kwamba hakuna aliyewahi kukitazama.

Mkanda wa 1HZ, na taa ambayo watu huing'oa

Mkanda wa taimingi wa 1HZ huzungusha kemshafti na pampu ya dizeli pamoja. Ukikatika, vali hukutana na pistoni. Ratiba hutofautiana kwa soko, kilomita 100,000 kwenye baadhi na 150,000 kwenye mengine. Kwa vumbi na joto la huku, usivuke 100,000. Badilisha mkanda pamoja na beringi ya kukazia na springi yake, na sili za mafuta za kemshafti na krenki ikiwa zinavuja hata kidogo, kwa sababu oili ikilowesha mkanda mpya hautamaliza nusu ya umri wake. Baada ya kupanga alama za krenki, kemshafti na pampu, fundi azungushe injini kwa spana mizunguko miwili kamili na kuangalia alama tena kabla ya kugusa swichi. Hatua hiyo hurukwa sana.

Dashibodi ya magari mengi ya 1HZ ina taa iliyoandikwa T-BELT inayowaka kilomita zikitimia. Ukifungua swichi bila kuwasha injini, taa hiyo inapaswa kuonekana pamoja na nyingine. Isipoonekana, balbu imetolewa ili mnunuzi asiulize, na wewe uliza sasa.

2.8 ina cheni, hivyo hesabu hii haipo. Badala yake oili ndiyo kinga ya cheni: 0W-30 au 5W-30 ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, lita 7 na nusu hivi pamoja na filta. 1HZ hunywa 15W-40 ya kawaida, kati ya lita 9 na 11 kutegemea toleo. Jaza kwa dipstiki, usijaze kwa kukumbuka. Vyovyote vile, kilomita 5,000 kwenye vumbi ni kipimo cha busara kwa injini zote mbili, hata kama kitabu kinaruhusu zaidi.

Chujio la masizi: uliza kabla ya kulipa

Si kila 2.8 ni sawa. Kwa baadhi ya masoko gari huja na chujio la masizi kwenye ekzosi, kwa mengine halina. Lile linalouzwa Japani tangu Novemba 2023, GDJ76, linatumia pia urea (kimiminika cha kusafisha moshi wa ekzosi). Ukiagiza kutoka Japani kwa sababu limependeza, utahitaji kuipata urea hiyo unakoishi, safi na ya uhakika. Ikiisha, gari halitakubali kuwashwa tena.

Chujio la masizi hujisafisha kwa kupandisha joto la ekzosi hadi karibu nyuzi 600 na kuchoma masizi. Kazi hiyo inahitaji mwendo mrefu usiokatika. Gari la kupeleka watoto shule na kurudi haliimalizi, linaanza tena kesho, na dizeli isiyoungua hushukia kwenye oili. Dalili ni dipstiki inayopanda badala ya kushuka. Oili yake lazima iwe ya majivu kidogo, la sivyo chujio huziba kwa kitu ambacho hakiungui. Kama unaweza kuchagua na sheria za kwako zinaruhusu toleo lisilo nalo, kwa matumizi ya porini lichukue hilo. Kulikata chujio kwenye gari lililokuja nalo ni mlango wa matatizo ya kontroli boksi.

La zamani kweli

Faida ya gari la 1990 hadi 2000 si bei ya kununua pekee. Unajua kila bolti, halina sensa ya kukuzimia gari, na spea zimejaa. Injini za 2H za cc 3,980, zilizokuwamo kabla ya 1HZ, hazina hata mkanda. Taimingi ni ya gia. Lakini gharama ya kulifufua mara nyingi huanza pale ambapo picha za tangazo zinaishia.

Anza na umri halisi. Kwa kawaida magari ya kabla ya 1999 yana springi za mabapa mbele na nati sita kwa kila tairi. Baada ya hapo mbele kuna springi za koili na nati tano. Muuzaji akisema "la 2012" na unahesabu nati sita, mazungumzo yameisha. Fungua boneti usome sehemu ya MODEL kwenye kibati, kisha safisha fremu ya chesisi upande wa kulia karibu na tairi la mbele. Namba iliyogongwa hapo ndiyo inayotakiwa kulingana na kadi. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho: kitambulisho kilichoshonwa chini yake mara nyingi kina tarehe ya kutengenezwa, na mafundi rangi hukisahau.

Kutu ya mkonga hujificha. Lala chini na nyundo ndogo, gonga chesisi juu ya ekseli ya nyuma na pale springi zinaposhikia. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya debe lenye mchanga. Kisha pembe za chini za kioo cha mbele, mifereji ya paa, na sakafu chini ya zulia. Gari lililoishi Mombasa, Dar, Tanga au Unguja lichunguzwe mara mbili, hasa likiwa limepakwa lami nyeusi mpya chini. Lami mpya ni dawa au ni pazia.

Injini ikaguliwe ikiwa ya baridi. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Bonyeza hozi ya juu ya rejeta: ikiwa ngumu baada ya kulala usiku kucha, gesi inaingia kwenye maji. Fungua kifuniko, washa, tazama kama mapovu hayaishi. Hayo ni hedi au gasketi, na kwenye 1HZ hedi yenye ufa huwa ni ya kubadilishwa. Funika mdomo wa oili kwa kiganja ukiwa umeacha injini ipumue taratibu. Mvuke mwepesi si neno, mapigo yanayosukuma mkono ni ringi zilizochoka.

Na sheria. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, hivyo la zamani utalipata ndani ya nchi tu, mara nyingi kwenye minada ya mashirika. Uganda ilizuia yaliyofikisha miaka 15. Tanzania inaruhusu lakini hutoza ushuru wa uchakavu kwa magari ya zamani, kutegemea umri na aina ya gari. Fanya hesabu hiyo kabla ya kupenda picha kutoka Japani. Kwa upande wa mapya, LC79 huunganishwa Mombasa, na hilo linasaidia anayenunua Kenya.

Yanayofanana yote matatu

Ekseli ya mbele ni ile ile kwa asili: chuma kimoja kutoka tairi hadi tairi, na mpira wa chuma kila upande unaojaa grisi. Sili ya ndani ikichoka, oili ya difu huchanganyika na grisi na kutoka kama supu nyeusi upande wa ndani wa tairi. Beringi za juu na chini za mpira huo zikilegea, usukani hutetemeka ukifika kilomita 80 kwa saa, na watu hukimbilia kubalansi matairi. Fungua, safisha, pakia grisi upya kila kilomita 40,000 hivi, mapema zaidi kama unavuka mito. Gari jipya halijasamehewa hapa.

Pikapu ya 79 inahitaji mzunguko wa zaidi ya mita 14 kugeuka. Kwa mjini hilo ni adhabu, na 2.8 haijalitatua.

Kwenye V8 na 2.8 ekseli ya nyuma ni nyembamba kuliko ya mbele kwa karibu milimita 95. Kwenye lami hulioni. Kwenye mchanga wa Chalbi au pembeni mwa Ziwa Natron, matairi ya nyuma hayafuati njia ya mbele, yanachimba yake, na gari linakula nguvu. Vipande vya kusogeza matairi nje huongeza mzigo kwenye beringi. Rimu zenye kina tofauti ni afadhali, na ekseli iliyopanuliwa ndiyo suluhisho lenyewe, kwa bei yake.

Mkonga hauzuii vumbi. Unachota hewa juu, palipo na vumbi pungufu, basi. Vumbi huingia kwenye maungio ya mpira na kwenye kifuniko cha boksi la filta kisichokaa sawa. Baada ya safari ndefu, pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba *baada* ya filta. Kikitoka na rangi ya udongo, injini inakunywa mchanga, na kwenye 2.8 au V8 turbo inaumwa kwanza. Ukipita nyasi ndefu, mbegu zake hujaza mapezi ya rejeta; suuza kutoka nyuma kuelekea mbele, kwa maji ya shinikizo dogo.

Unapofananishwa na mwenye gari kuukuu

Kwenye bima kubwa, mthamini anayetazama gari kwa haraka uwanjani anaweza kuandika thamani ya mkonga wa zamani. Mpe ankara ya ununuzi na picha ya kibati, na hakikisha mwaka na msimbo wa modeli vimeandikwa kwenye hati yenyewe. Likiibiwa, utalipwa kile kilichoandikwa. Kwa mwenye la zamani lililofufuliwa, tatizo ni lile lile kwa nyuma yake: bila risiti za bodi, injini na springi, umri ndio utakaohesabiwa.

Wezi hawakosei kama waulizaji wa sheli. 1HZ haina kompyuta inayohitaji kumjua mwenye ufunguo, kwa hiyo weka swichi ya siri ya kukata dizeli na kifaa cha kufuatilia kilichofungwa mahali ambapo si chini ya dashibodi. Taa za LED za mviringo nazo zina soko, hasa kwa wale wanaotaka kuzivisha gari la 1994; bolti zenye kichwa kisicho cha kawaida husaidia kidogo.

Kwa hiyo lipi?

Unaishi karibu na mji wenye mashine ya kupima na sheli unayoiamini, unapanda milima au unavuta tela, unakaa na gari miaka mitano kisha unauza: 2.8, ya gia za mkono au otomatiki kwa kadiri soko lako linavyotoa, na chujio la pili la dizeli wiki ya kwanza.

Gari linakwenda Katavi, Turkana au Ituri na kukaa huko, madereva wanabadilishana, dizeli inakuja kwa madumu: 1HZ jipya, bila turbo, na mkanda unaoandikwa kwenye daftari. Ni la polepole. Kubali upole wake kabla ya kulipia, usiuponde baadaye kwa kuongeza mafuta kwenye pampu.

La zamani ni kwa mtu mwenye fundi wake, chesisi aliyoigonga mwenyewe, na akiba ya ukarabati iliyotengwa mbali na pesa ya kununulia. Tukilazimishwa kuchagua kati ya HZJ75 lenye chesisi safi na injini iliyochoka, na lile lenye injini nzima na chesisi iliyoliwa, tunachukua la kwanza bila kusita. Injini ya 1HZ inashushwa na kurudishwa ndani ya wiki; chesisi ya pwani ukianza kuichomelea haikuachi.

Na akija yule wa sheli kuuliza la mwaka gani, fungua boneti, mwonyeshe kibati asome mwenyewe. Kama ni mnunuzi kweli, ataanza kwa kuhesabu nati za tairi.